Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Karakana, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Katiba ya karakana yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Safari hii nimeisambaza mapema, ili Jumamosi ya tarehe 25 Januari asiwepo wa kusema hakuisikia kwa sababu fundi wa jirani alikuwa anakata bati.

Yale mnayoyajua nitayapita haraka. Tuliuanza mwaka na mgao wa umeme, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari. Mashine ya kuranda ilikuwa pambo tu. Tulirudi kwenye randa za mkono, na vijana wakajua jasho ni nini. Mvua za masika zikaingiza maji ndani mara mbili. Mbao tuliziinua juu ya matofali, cherehani zote zikapona, overloki ikahitaji fundi. Tulifundisha useremala, ushonaji, kuchomelea, na darasa moja la baiskeli ambalo halikujirudia. Tuliwapeleka wanafunzi Keko kutazama samani zinavyounganishwa kwa kasi ya kibiashara. Tulimzika mwenzetu mmoja, na rambirambi ilifika kwa familia.

Hesabu kwa ujumla: madarasa 53, mapato ya madarasa sh. 4,518,000, ada za uanachama sh. 1,944,000, kukodisha meza na cherehani sh. 1,260,000, jumla sh. 7,722,000. Matumizi sh. 7,581,000. Salio sh. 141,000. Mchanganuo anao mweka hazina na atausoma. Naomba asikatizwe kama mwaka jana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nipigiwe simu saa tano usiku: kuandika ada za madarasa kwenye kalenda.

Wote mnakumbuka kalenda ya kujiandikisha ilivyokuwa mpaka Mei. Kulikuwa na ubao pale mlangoni, na kulikuwa na kalenda ya kwenye simu anayoisimamia kijana wetu wa kompyuta. Vyote viwili vilisema darasa, siku na saa. Kuhusu fedha vilisema “mchango kidogo”, au “bei maelewano”, au havikusema kitu. Mtu anaandika jina, anakuja, na bei anaikuta akiwa ameshika patasi.

Neno “mchango” peke yake lilitugharimu. Kwetu sisi mchango ni nini? Mchango wa harusi una kadi, una kiwango, una tarehe ya mwisho, na usipoutoa unakumbukwa mpaka harusi ya mwanao. Lakini mchango huohuo ukiusoma kwenye ubao wa karakana, ghafla unakuwa wa hiari. Nusu ya watu walisoma la kwanza wakalipa, nusu wakasoma la pili wakatoa ahsante. Na wote walikuwa sahihi, maana hatukuwaambia tunataka nini.

“Maelewano” ndiyo yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi Machi akina mama wawili walikaa meza moja kwenye darasa la kukata nguo, chaki moja, futikamba moja, wakagundua katikati ya somo kwamba mmoja ametoa sh. 15,000 na mwenzake sh. 25,000. Aliyetoa nyingi alikuwa hana anayemjua hapa. Darasa halikuendelea siku ile. Nimeuza vitanda miaka thelathini na najua raha ya kupatana bei, lakini kitanda unakiona. Darasa hujaliona, utapatana juu ya nini?

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 4 Mei. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinakaribia pwani yetu, tukaahirisha darasa la vigoda, na hakuna aliyelalamikia hilo. Malalamiko yalianza Jumatatu, watu walipotaka fedha zao. Kiasi gani? Mmoja alitoa kumi, mwingine saba, wa tatu alisema alimpa fundi mkononi, fundi akasema ile ilikuwa nauli. Ubao haukuwa na bei, kwa hiyo hapakuwa na pa kuanzia. Mweka hazina alirudisha fedha kwa kukadiria sura za watu. Aliniambia kama hali ni hiyo anaacha kazi, nikamwelewa.

Tarehe 18 Mei kamati tendaji ikakaa. Kuanzia tarehe 1 Juni kila darasa kwenye kalenda likaandikwa ada yake waziwazi: mwanachama sh. 10,000, asiye mwanachama sh. 18,000, malighafi kando, na chini yake jumla inayotoka mfukoni. Darasa la kigoda, kwa mfano: ada 10,000, mbao ya paina, misumari, msasa na vanishi 9,000, jumla 19,000, na unaondoka na kigoda chako. Kuchomelea: malighafi imo kwenye 15,000, miwani tunaazimisha, viatu vya kufunika vidole uje navyo. Kushona: kitambaa ni chako, uzi ni wetu. Na anayejiandikisha anatuma kishika nafasi cha sh. 5,000 kwa simu, ndipo jina linaandikwa kwa wino. Tukiahirisha sisi, anarudishiwa yote. Asipotokea yeye, kishika nafasi kimeliwa.

Kwa uamuzi huu nimeitwa mfanyabiashara. Nimeambiwa karakana ya jamii imegeuzwa duka. Mjumbe mmoja alisema tunajifanya chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe. Nijibu moja baada ya jingine, maana kwenye simu sikupewa nafasi.

Kwanza, inasemwa kwamba katiba inautaka mkutano mkuu ndio upange ada, na kwamba mwenyekiti alijipangia. Ndugu zangu, sh. 10,000 ilipangwa na mkutano mkuu wa 2022 na imo kwenye kumbukumbu. Na sh. 18,000 vilevile. Hatukupanga ada, tuliiandika pale inapoonekana. Kishika nafasi ndicho kipya, hapo nakubali kuna la kujadili, na ndiyo maana niliitisha mkutano wa dharura mwezi Juni. Katiba inataka nusu ya wanachama, yaani 59. Walikuja 17, na watatu kati yao walikuwa wamefuata watoto. Mwezi Novemba nikaitisha tena, wakaja 23, wengine wakasema ni kampeni za serikali za mitaa. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27, mkutano wetu tarehe 9. Anayesema hakushirikishwa atafute jina lake kwenye daftari la mahudhurio kabla hajasimama.

Pili, inasemwa kwamba bei iliyoandikwa imewafukuza vijana. Wanaosema hivyo wana namba yao: Januari hadi Mei walijiandikisha 301, Juni hadi Desemba 248. Ni kweli. Lakini wasiishie hapo. Kati ya wale 301 waliofika ni 164, na waliolipa chochote ni 97. Kati ya 248 walifika 219, na ambao hawakulipa ni wanane tu. Miezi mitano ya mwanzo madarasa yaliingiza sh. 1,412,000, saba ya mwisho sh. 3,106,000. Jina kwenye ubao halirandi mbao. Fundi alikuwa anaandaa vipande vya watu kumi na tano, wanakuja saba, vinane vinabaki vinapinda ukutani. Mnaviona hata leo.

Na kijana asiye na kitu hajafungiwa mlango. Kila darasa lina nafasi mbili za kufanya usafi badala ya ada, na hilo nalo limeandikwa kwenye kalenda, mstari wa mwisho. Zamani msamaha ulikuwepo ila ulikuwa kwa kunong'onezana, na aliyekuwa na aibu alikosa.

Tatu, mafundi. Hapa nitasema kwa upole kwa sababu bila wao hatuna karakana. Ada ilipoandikwa, kila mtu akaanza kupiga hesabu ya fundi: watu kumi mara elfu kumi, kumbe analipwa laki! Hapana. Katika elfu kumi, fundi anachukua sh. 6,000 na karakana sh. 4,000, ambayo ni umeme wa LUKU, nyembe za msumeno, kodi na mlinzi. Baadhi ya mafundi walikasirika kwamba tumewaanika. Ninawaelewa. Lakini kulikuwa pia na fedha za “vifaa” zilizokuwa zinakusanywa mezani bila risiti, na sitaki kwenda mbali zaidi ya hapo. Fundi mmoja ametuacha. Nilimfuata nyumbani mara mbili, mimi mwenyewe, kwa nauli yangu.

Nne, makosa. Yamo, na sitayaficha, ingawa mengine yangeepukika kama ningesaidiwa. Kwanza tuliandika “10,000 bila malighafi” kwa herufi ndogo, watu wakasoma 10,000 wakaacha mengine. Ndiyo maana sasa jumla ndiyo kubwa. Kwenye simu ada ilikuwa safu ya mwisho upande wa kulia, na simu ndogo haionyeshi mpaka usogeze kidole. Kijana wetu akaihamishia kwenye maelezo ya ndani, ikajificha zaidi, kwa sababu kalenda ya simu inakuonyesha jina la darasa tu mpaka uliguse. Mwisho tukaiweka kwenye jina lenyewe: “Kigoda, jumla 19,000”. Haipendezi, lakini haikwepeki.

Saa nazo. Simu inaandika 10:00 na sisi tunamaanisha saa nne asubuhi. Mzee mmoja alilipa kishika nafasi, akaja saa kumi jioni, akakuta tunafagia. Alidai fedha zake kwa haki, tukamrudishia, na tangu siku ile tunaandika “saa 4 asubuhi” kwa maneno hata kama simu inanuna.

Na Agosti kulikuwa na ile sifuri. Darasa la kuchomelea liliandikwa sh. 1,500 badala ya 15,000. Wakajiandikisha watu 23 kwa siku moja, mashine zipo mbili. Nilikuwa nimeandika ubao usiku, kwa tochi. Kamati iliamua sita wa kwanza waheshimiwe kwa bei iliyoandikwa, na pengo nililiziba mimi. Kiasi sikitaji, sikukidai na sitakidai, ila nataka kijulikane kuwa kilitoka. Sita wale, kwa taarifa yenu, wanne wamekuwa wanachama.

Malighafi ni kweli zinapanda na kushuka. Wiki ya mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo mwezi Juni tulinunua zipu mtaani kwa bei ya juu kuliko tuliyoandika, na karakana ikabeba tofauti. Kamati imekubaliana bei ya malighafi iandikwe upya kila mwanzo wa mwezi, na ikishaandikwa haibadiliki hata tukiumia. Aliyesoma bei siku ya kujiandikisha ailipe hiyo hiyo siku ya darasa. Mtu akinionyesha njia bora nitaifuata, lakini aje nayo kwenye mkutano, asiilete kwenye msiba.

Nimalize habari ya fedha kwa upande wa uanachama, ambako hakuna anayeweza kusema bei haikuandikwa. Ada ni sh. 3,000 kwa mwezi, sh. 36,000 kwa mwaka, imeandikwa juu ya mlango kwa rangi ya mafuta. Tuko 118. Waliokamilisha ni 41. Waliolipa nusu ni 26. Wanachama 51 hawakutoa hata shilingi. Deni ni sh. 2,304,000. Humo ndani wamo waliokuwa wakali zaidi kwenye suala la kalenda, na wamo waliojiandikishia madarasa kwa bei ya mwanachama. Kuanzia Februari katibu ataangalia daftari kabla ya kupokea sh. 10,000. Asiye hai kwenye daftari atalipa 18,000. Hili nalo litaandikwa kwenye kalenda, msije mkasema nimewavizia.

Kwa mwaka huu tunatarajia, hali ikiruhusu, kuezeka upya upande wa nyuma. Kuna mazungumzo kuhusu cherehani mbili zaidi. Tungependa pia darasa la vijana wakati wa likizo ya Juni, akipatikana fundi mwenye subira. Mpango kamili utaletwa.

Uchaguzi wa viongozi ni ajenda namba sita. Fomu ziko kwa katibu na hazilipiwi. Nitagombea. Anayeona anaweza kuandika ubao vizuri zaidi achukue fomu, na akishinda nitamkabidhi funguo na kitambaa cha kufutia.

Kalamu nyekundu siwezi kumkabidhi. Ndiyo tuliyokuwa tunaandikia ada, na imepotea tangu Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu. Aliyeichukua airudishe kabla ya tarehe 25, kwa sababu madarasa ya Februari bado hayajaandikwa.

Mwenyekiti
Dar es Salaam, Januari 2025