Kwa Wifi Yangu, Kuhusu Mashine Mpya Ofisini

Wifi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, jinsi ofisi yenu inavyoleta programu mpya ya hesabu na unavyohofia kazi yako. Nakujibu hapa hadharani, bila kutaja jina lako wala la ofisi, kwa kuwa si wewe peke yako unayekosa usingizi. Makarani wangapi wa hesabu, wanawake wa rika letu, wameambiwa kwamba programu mpya ikishafungwa watatafutiwa "shughuli nyingine"? Basi nikupe habari za Dorothy Vaughan.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Farmville, jimbo la Virginia, Marekani. Desemba 1943, vita vikiwa vimepamba moto, aliajiriwa na maabara ya utafiti wa ndege ya Langley, iliyokuwa chini ya taasisi ya serikali iitwayo NACA, kazi aliyodhani itakwisha vita vikisha. Akawekwa kitengo cha West, cha wanawake weusi pekee waliokokotoa hesabu kwa mkono, maana sheria za Virginia zilitenga watu kwa rangi: ofisi yao kando, choo chao kando, na meza yao kwenye ukumbi wa chakula kando. Mwaka 1949 akakabidhiwa kitengo hicho akiongoze. Mtu mweusi hakuwahi kupewa usimamizi katika taasisi ile kabla yake.

Sasa itazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu wewe utaielewa kuliko wengi. Mhandisi analeta vipimo vilivyochukuliwa bawa la ndege lilipojaribiwa mbele ya upepo mkali, na kanuni ndefu ya hesabu. Wanawake wale wanaivunjavunja kanuni hiyo hadi iwe hatua ndogondogo. Safu ya kwanza, andika kasi. Safu ya pili, izidishe kwa yenyewe. Safu ya tatu, zidisha kwa msongamano wa hewa. Safu ya nne, gawa kwa mbili. Wanateremka hivyo mstari kwa mstari kwenye karatasi pana, mashine ya kukokotoa ikigongagonga mezani, kisha mwingine anazikagua upya. Safu moja ikikosewa, zote zinazofuata zimeharibika. Wewe unayefunga leja kila mwisho wa mwezi, je, hiyo ni kazi ngeni kwako?

Halafu zikaja mashine za elektroniki, zinazomaliza kwa muda mfupi kazi ya siku nzima ya chumba kizima. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN, lugha ya kuiandikia mashine maagizo ya hesabu. Mwaka uliofuata taasisi ikageuka NASA, shirika la anga la Marekani, na vitengo vya kutenga rangi vikavunjwa, hata kile cha Vaughan. Alikuwa anakaribia miaka 48. Akajifunza FORTRAN na kuwa bingwa wake, na aliyoyajua akawafundisha wenzake.

Mambo yalikuwa hivi: kila mstari wa programu unatobolewa kwenye kadi yake, kadi zinapangwa kwa zamu yake, bunda zima linapelekwa kwa mashine, nawe unasubiri. Alama moja ikiwa si mahali pake, unaanza kuitafuta kadi yenye kosa. Lakini kiini cha kazi kilikuwa kilekile cha karatasi pana. Kuvunja kazi kubwa kuwa hatua ambazo hata asiyejua lolote anaweza kuzifuata, ndiko kuandika programu. Wanawake wale walikuwa wamefanya hivyo miaka kumi na zaidi. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba mtu wa kwanza kufundishwa mashine ya hesabu ni yule aliyezifanya kwa mkono.

Hata mwanaanga John Glenn, kabla ya kurushwa kuizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alitaka majibu ya mashine yahakikiwe kwanza na Katherine Johnson, kwa mkono. Johnson naye alipitia kitengo cha West. (Kituo kimoja kilichokuwa kikimfuatilia Glenn angani kilikuwa Tunguu, Unguja. Waulize wazee wa huko.)

Na kuna jambo linalokuhusu wewe wa Malindi. Miongoni mwa miradi aliyochangia Vaughan ni roketi ya Scout. Roketi ya aina hiyo ndiyo iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni, ikabeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Aliyesimamia mradi wa setilaiti ile ni mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Nasikitika kwamba watoto wetu wanalipita jukwaa lile bila kuambiwa haya.

Sitakuficha upande wa pili. Vaughan hakupewa tena cheo cha usimamizi hadi alipostaafu mwaka 1971, ingawa alikitaka na alikistahili. Annie Easley naye, aliyeandika programu za roketi ya Centaur katika kituo cha NASA kule Cleveland, alijilipia mwenyewe masomo yake ya chuo kikuu, huku taasisi ikiwalipia wengine. Alihitimu mwaka 1977, akiwa kazini muda wote huo. Hao hawakutendewa haki, na kufanikiwa kwao hakuifanyi dhuluma ile kuwa halali.

Kwa hiyo, wifi, lile ulilolisema mwishoni, kwamba mafunzo watapelekwa vijana wawili tu walioajiriwa juzi, msilinyamazie. Nyinyi watano kaeni pamoja, mwandike barua moja, muombe kufundishwa wote. Orodhesheni humo kazi mnazozifanya hatua kwa hatua, mikopo mnavyoipigia hesabu na makosa mnavyoyakamata, ili bosi wenu aone kwamba wa kuikagua hiyo programu ni nyinyi. Nitumie rasimu kabla ya Ijumaa, nitaipitia usiku huohuo.

Wako,
Wifi yako wa Mombasa