Mbona jagi halipoozi maji kama mtungi?

Dada mmoja alinunua jagi la udongo kwenye karakana yetu ya ufinyanzi hapa Uingereza akampelekea mama yake Tanga. Baada ya wiki mbili akatupigia simu: mama amelipenda mno, ila anauliza mbona maji hayapoi. Amelijaza asubuhi, akaliweka kivulini palepale panapokaa mtungi, na mchana maji yako vuguvugu.

Jagi si bovu, na mama ana haki ya kuuliza. Mtungi huchomwa kwa kuni, nje, kwa moto usio mkali sana, hivyo udongo wake hubaki na vitundu visivyoonekana. Maji hupenya, mtungi ukatoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Majagi yetu tunayachoma kwenye joko hadi nyuzi 1280 za Selsiasi. Hapo udongo hushikamana ukawa kama jiwe, na rangi tuliyoipaka huyeyuka ikawa kioo. Hata tone halipiti. Leo utatia maziwa, kesho maji ya ukwaju, na harufu ya jana huisikii. Kitako tu ndicho hatukipaki, maana kioo kikiyeyuka kingeligandisha jagi kwenye rafu ya joko. Kikikwaruza meza yako, kilete tukipige msasa, hatutozi.

Kazi hii ina chimbuko lake St Ives, Cornwall, hapa Uingereza, ambako mfinyanzi Bernard Leach na Mjapani Hamada Shoji walifungua karakana mwaka 1920. Mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, aliyapenda majagi ya kale ya mashambani Uingereza, kisha akaenda kuanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya zamani, mji ambao leo unaitwa Suleja, Nigeria. Mwaka 1954 akajiunga Ladi Kwali, fundi wa mitungi tangu utotoni. Aliifinyanga kwa mkono kama kwao, akaichora mijusi na nyoka, kisha ikapakwa rangi na kuchomwa kwa moto mkali. Ni mitungi mizuri ajabu, na mingine iko makumbusho. Lakini kupooza maji, basi tena. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, naye alipita kituo hichohicho kujifunza miaka ya 1970.

Tulimshauri mama aache maji mtungini, ayamimine kwenye jagi wakati wa kula. Akilishika, kidole gumba kitatua kwenye kibonyeo chini ya mkono wa jagi. Pale ndipo tulipoukandamiza kwa kidole, udongo ukiwa bado mbichi.