Barua ya malalamiko: Boksi mnalouza si lile lililo kwenye video

Timu ya Chaneli ya Kufunga Nzi Bandia na Uvuvi wa Trauti,
Nairobi.

14 Mei

Kwa Meneja wa Mauzo,
Idara ya Vifaa vya Uvuvi,
Nairobi.

Bwana/Bi Meneja,

KUH: MABOKSI 64 YA KUFUNGIA NZI BANDIA YASIYOLINGANA NA SAMPULI

Tunalalamikia maboksi 64 ya kujifunzia kufunga nzi bandia, yaani chambo cha samaki kinachotengenezwa kwa kufunga uzi na manyoya kwenye ndoana, mliyowauzia watazamaji wetu kati ya tarehe 2 Aprili na 6 Mei, kila moja kwa shilingi 2,800. Mwezi Februari mlituletea sampuli. Tuliikagua, tukarekodi video tatu kwa vifaa vilivyokuwamo, nanyi mkachapisha picha ya chaneli yetu juu ya kifuniko. Walionunua, kuanzia Kasarani hadi Nyeri na Nanyuki, walifungua wakakuta vitu vingine. Wanunuzi 11 wametuletea maboksi yao, tukayapanga mezani kando ya sampuli yenu. Yote 11 yana kasoro zilezile, kwa hiyo hatuwezi kusema ni mpakiaji mmoja aliyeteleza. Shehena nzima ilipakiwa vifaa tofauti.

Tuanze na shanga, maana hapo ndipo wengi walipokwama. Nzi wa kwanza tunayemfundisha ni wa kuzama, anayefungwa kwenye ndoana ya jigi namba 12. Shina la ndoana hiyo limepindwa kwa digrii 60 karibu na tundu, ili nzi aende ncha ikiwa juu na asinase mawe. Kwa sababu ya pindo hilo, ushanga wake lazima uwe na mpasuo upande mmoja. Waya hulala ndani ya mpasuo, ushanga ukakaa wima nyuma ya tundu, na mizunguko michache ya uzi ikaushikilia. Sampuli ilikuwa na shanga 25 za namna hiyo, za milimita 3.3. Kwenye maboksi kuna shanga 25 za milimita 3.3 zenye tundu la duara tu. Ushanga wa duara ama unagoma kupita kwenye pindo, ama unapita kisha unalala upande na kuchezacheza, huku umeacha pengo mbele. Anayejifunza hujaza pengo hilo kwa uzi. Anazungusha mara 20, mara 30, kichwa kinavimba, uzi unaparamia tundu la ndoana, na mwishowe hakuna pa kupitisha mshipi. Tuna picha 9 za namna hiyo kutoka kwa watazamaji. Zinafanana kiasi kwamba ungedhani zimepigwa na mtu mmoja.

Kuna pia suala la uzito. Lebo inasema tangsteni, metali nzito. Tuliweka shanga 25 za sampuli kwenye mizani, zikawa gramu 6.1. Shanga 25 za boksi, za kipenyo hichohicho, zilikuwa gramu 3.0. Tangsteni safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na shaba ya njano ni kama gramu 8.5. Tulipoukwangua ushanga mmoja kwa tupa, rangi ya nje ilitoka na njano ya shaba ikaonekana. Hatusemi shaba haina kazi. Kwenye bwawa lililotulia, au kwenye maji yanayofika magotini, inatosha kabisa na ni nafuu. Lakini video yetu inamfundisha mtu kuvua kwenye mito ya mlimani kama Gura na Thiba, ambako maji yanaporomoka kati ya mawe na nzi ana sekunde chache tu za kufika chini kabla hajavutwa nje ya shimo alipo samaki. Nzi mwenye nusu ya uzito hupita juu ya kichwa cha trauti. Mvuvi atarudi nyumbani mikono mitupu akiamini hajui kurusha, kumbe kilichompunguzia samaki ni lebo yenu. Na kwa kuwa tangsteni huuzwa ghali kuliko shaba, aliyelipia tangsteni akapewa shaba amepunjwa.

Uzi nao umebadilishwa. Sampuli ilikuwa na uzi wa kufungia wa denia 70, yaani mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 70. Nyuzinyuzi zake hazijasokotwa sana, hivyo ukiiachia bobini (kishikio cha uzi) ining'inie na kuizungusha kinyume cha saa, uzi unafunguka na kulala bapa kama utepe. Video nzima imejengwa juu ya jambo hilo. Tunapomwambia mtazamaji azungushe mara 6 nyuma ya ushanga, tumehesabu mizunguko 6 ya utepe bapa. Uzi mliowapa wanunuzi ni wa cherehani. Umesokotwa, haulali, una vinyweleo, na mizunguko 6 yake hufanya kifundo kinene kama punje ya mtama. Ukiupunguza hadi mizunguko 3, nzi analegea na kuzunguka kwenye shina. Hakuna hesabu ya kuuokoa, kwa sababu ni kitu kingine kabisa.

Kwa nzi wa kuelea, namba 14, tulifundisha kanuni inayojulikana: nyuzinyuzi za unyoya wa shingo ya jogoo ziwe na urefu wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya uwazi wa ndoana, yaani umbali kati ya shina na ncha. Kupima ni rahisi. Pinda unyoya kuzunguka shina kabla ya kuufunga, nyuzinyuzi zisimame, kisha zilinganishe na uwazi. Manyoya ya kwenye maboksi yanafika mara tatu, na karibu nusu ya kila unyoya ni sufi laini ya chini ambayo hunywa maji. Nzi wake husimama vizuri mezani na kuzama mara tu anapogusa mto. Manyoya hayo yangefaa nzi mkubwa wa kuzama. Kwa huyu wa kuelea hayafai hata kwa kukatwa na mkasi, kwa sababu unyoya uliokatwa hupoteza ncha zile ngumu na nyembamba zinazomshikilia nzi juu ya maji.

Ndoana za namba 8 mlizoweka kwa ajili ya Woolly Bugger, nzi mkubwa wa kuzama, zimeandikwa kuwa hazina kijino (kile kimwiba cha nyuma ya ncha), na zinacho. Tena ni laini. Tulibana 20 kwenye jiliwa moja baada ya nyingine na kusukuma ncha kwa ukucha. Nzuri hupinda kidogo na kurudi, lakini 7 zilibaki zimefunguka. Chupa za gundi zilivuja kwenye maboksi 4 kati ya 11. Hilo si kubwa, mfuko mmoja wa plastiki wenye kufungwa ungelizuia.

Manyoya ya marabu mliyoweka ni sawa na ya sampuli, tena ni nzuri, na tunawapongeza kwa hiyo. Ila lebo yake iandike wazi kwamba ni manyoya ya bata mzinga. Jina limetokana na korongo marabu, ndege walewale wanaojaa kwenye miti ya Barabara ya Mombasa, na watazamaji wawili wametuuliza kama wanaweza kuokota manyoya yao chini. Tumewajibu waache, manyoya ya ndege wa porini si ya kuokotwa kiholela.

Sasa kuhusu chaneli. Mwakilishi wenu alipoulizwa na mnunuzi kwa WhatsApp alijibu, "Ni ileile tu, ndoana ni ndoana." Jibu hilo limetuuma kuliko shaba mliyoiita tangsteni. Video ya kufunga nzi haitazamwi kama taarifa ya habari. Mtu ameketi na jiliwa mbele yake, simu imeegemezwa kwenye kikombe, anasimamisha video, anafanya hatua moja, anaendelea. Mkono wake na wetu lazima vishike kitu kimoja. Vikitofautiana, anayeanza hana namna ya kujua kosa ni la kidole au la kifaa, na karibu kila mara hujilaumu mwenyewe, akafunga boksi na kuliweka juu ya kabati. Hao ndio watu tunaowataka kwenye uvuvi huu, na ndio mnaowapoteza.

Madhara yanaonekana kwenye mchoro wa utazamaji, unaoonyesha wangapi bado wanatazama kila dakika. Kabla ya maboksi kuwafikia watu, mstari wa video ya kwanza ulikuwa unashuka taratibu hadi mwisho. Sasa unaporomoka kwenye dakika ya 3 na sekunde 40, pale tunaposema, "Ingiza ushanga wenye mpasuo." Walioondoka hapo hawakuchoshwa na video. Mkononi hawakuwa na ushanga wa kufanyia tulichosema.

Wala hatuwezi kurekebisha kimyakimya. YouTube hairuhusu kubadilisha faili la video iliyokwisha kupandishwa. Unaweza kukata kipande, lakini huwezi kuingiza kipande kipya. Ukirekodi upya, hiyo ni video nyingine yenye kiungo kingine, na maoni yote yanabaki kwenye ile ya zamani. Ukiifuta ya zamani, saa zake za kutazamwa haziingii tena kwenye hesabu. Na hesabu hiyo ina uzito, kwa kuwa ili chaneli ya video ndefu ipate mgao wa matangazo inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za video za wazi ndani ya miezi 12 iliyopita. Dirisha hilo linasogea kila siku, saa za mwaka jana zinadondoka nyuma wakati mpya haziingii mbele. Msimu wa mvua za masika, mito ikiwa ya udongo, ndio wakati watu hukaa nyumbani na kufunga. Msimu huo mmeuharibu, na unakaribia kwisha.

Tunachotaka ni hiki. Kila mmoja wa wanunuzi 64 atumiwe, kwa gharama yenu, pakiti ya marekebisho yenye shanga 25 za tangsteni zenye mpasuo za milimita 3.3, kigurudumu kimoja cha uzi wa denia 70, manyoya 6 ya shingo ya jogoo yanayofaa namba 14, na ndoana 10 za namba 8 zisizo na kijino. Msidai boksi la zamani lirudishwe kwanza. Anayetaka pesa zake badala ya pakiti arudishiwe shilingi 2,800 kamili kwa M-Pesa, bila kukatwa ada ya kutuma. Haya yafanyike kufikia tarehe 31 Mei. Hadi hapo mtakapomaliza, ondoeni picha yetu kwenye kifuniko. Sisi tumekwishaondoa kiungo chenu chini ya video zote tatu na kuweka maoni yaliyobandikwa juu yanayoeleza tofauti hizi, bila kutaja jina lenu. Mgao wetu wa shilingi 250 kwa kila boksi, jumla 16,000, hatujaugusa. Tulitangaza wazi kwamba video zina udhamini, kwa hiyo mtazamaji aliyepunjwa anatudai na sisi pia. Mkikataa kurudisha, fedha hizo zitaanza kuwalipa wanunuzi.

Kama mmeamua kubadilisha vifaa moja kwa moja kwa sababu ya bei, semeni. Tutarekodi video mpya za vifaa hivyo kwa majina yake halisi, shaba ikiitwa shaba, na gharama ya kurekodi mtalipa ninyi.

Kwa shehena zijazo, ukaguzi hauchukui hata dakika 15. Chukueni maboksi 5 bila kuchagua. Pimeni shanga 25 kwa pamoja: zikiwa chini ya gramu 5.5, simamisheni. Ingizeni ushanga mmoja kwenye ndoana ya jigi na muutikise, usicheze. Bananisheni ndoana kwenye jiliwa na msukume ncha. Zungusheni uzi kinyume cha saa muone kama unalala. Pindeni unyoya mmoja kwenye ndoana namba 14. Atakayefanya kazi hiyo awe mtu aliyewahi kufunga nzi. Hapa Nairobi hawakosekani, jiji hili lina mafundi wanaofunga nzi wa kuuzwa nje ya nchi, na yeyote kati yao angeiona kasoro ya shanga hizi kwa kuzitazama tu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na taarifa anazohitaji ili kufaidika nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na inapouzwa kwa sampuli, ilingane na sampuli pia. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Tarehe 31 Mei ikipita kimya, tutawasaidia wanunuzi kupeleka madai yao kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Maboksi 11, sampuli yenu ya Februari na picha za watazamaji tumezihifadhi kama zilivyotufikia. Fundi wenu anakaribishwa kuja kuzikagua siku yoyote ya kazi baada ya saa nane mchana. Aje na mizani yake.

Wenu waaminifu,

Timu ya chaneli