Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji wa Kaunti ya Mombasa: tuandikieni kilichomo majini

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nimefundisha kemia sekondari kwa miaka 27. Sasa nimestaafu, na kazi niliyobaki nayo ni kukaa barazani hapa Mji wa Kale na kunywa kahawa tungu. Kahawa hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Bomba likitoa, kahawa huwa na rangi yake na harufu yake. Bomba likikauka, muuzaji hununua mitungi ya mkokoteni, na dele lile lile, buni ile ile, hutoa kitu kizito kinachokwaruza ulimi. Juzi nilimuuliza kijana wa mkokoteni maji kayateka wapi. Akacheka: "Mwalimu, maji ni maji." Na nilimsomesha mwenyewe!

Maji hubeba mwamba yaliopitia. Mvua hunyonya kaboni dioksidi hewani, na nyingi zaidi udongoni, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo huula mwamba polepole na kuondoka na kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na silika. Miaka mingi niliwaambia wanafunzi kuwa milimani kwenye baridi kazi hii karibu husimama. Niliwapa nusu ya habari. Kweli baridi hupunguza kasi, lakini maji ya nyuzi 0 hubeba kaboni dioksidi zaidi ya maradufu ya maji ya nyuzi 25, na barafu inayoteleza husaga jiwe likawa unga, sura mpya ambazo maji hayajawahi kuzigusa. Ndiyo maana kijito kinachotoka chini ya barafu huweza kujaa kalsiamu hata mlima ukiwa wa itale: chembe chache za chokaa zilizojificha ndani ya jiwe ndizo zinazotangulia kuyeyuka. Na madini ya chuma na salfa yakikutana na oksijeni, huzaa asidi ya salfuriki, ambayo ni kali kuliko ile ya mvua.

Utaniuliza barafu na Mombasa wapi na wapi. Mto Tsavo hupokea maji ya miteremko ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, na ya chemchemi za Mzima, ambazo ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyozama ndani ya miamba ya volkano. Ukiungana na Athi huitwa Galana, kisha Sabaki, na visima vya Baricho, ambavyo navyo hutuletea maji Mombasa, vinateka humo humo kwenye mchanga wake. Mzima yenyewe inatuletea maji kwa bomba la kilomita zipatazo 220 tangu miaka ya 1950. (Wazee wetu huyaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi", hata yakiwa yamechemshwa na jua tangini.)

Miamba ya volkano ina jambo lake: floridi. Kando ya mlima Meru wa Tanzania na Kilimanjaro kuna vijiji ambako meno ya watoto hugeuka kahawia kwa sababu yake. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua jikoni, floridi inabaki pale pale.

Visima vya kisiwani ni hadithi nyingine, maana tumekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Nyumbani birika likishika ukoko mweupe, mke wangu hulikamulia ndimu. Huchemka *shaaa* bila moto. Ile hewa inayotoka ni kaboni dioksidi iliyofungwa ndani ya chokaa. Ukoko huo haudhuru mtu, ila sabuni haitoi povu na makaa yanaisha. Kisima kikivutwa kupita kiasi, bahari nayo huingia.

Ombi langu ni dogo. Mzima, Marere, Tiwi, Baricho na visima vya umma: majibu ya maabara ya kila chanzo yabandikwe kwenye vioski vya maji, kwa Kiswahili, kila miezi mitatu. Namba nne zatosha: ugumu (yaani kalsiamu na magnesiamu), kloridi (alama ya chumvi ya bahari), floridi na nitrati (alama ya uchafu wa vyoo na mbolea). Mwenye boza naye aonyeshe karatasi ya kisima chake kabla ya kufungua mpira. Na siku mnapochanganya vyanzo, tuambieni. Mama anayemkorogea mtoto maziwa ya unga ana haki ya kujua anakoroga na nini.

Baraza letu huanza baada ya Isha. Karibu, Mheshimiwa. Ndimu nitaleta mimi.

Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale