Mdogo wangu, brashi usizigawe kwanza

Mdogo wangu mpendwa,

Uliponiambia unataka kugawa brashi na rangi zako kwa sababu mtoto hakuachii hata nusu saa, nilinyamaza. Jibu lilikuwa refu mno kwa simu. Naliandika hapa, na wenzio wenye vichanga walisome.

Kuna mwanamke aliitwa Élisabeth Vigée Le Brun, mzaliwa wa Paris, 1755. Baba yake, naye mchoraji, alifariki binti akiwa na miaka 12. Hata 20 hajafika, tayari alikuwa analisha nyumba kwa kuchora sura za watu. Pesa zikaishia mikononi mwa baba wa kambo. Alipoolewa, zikaishia kwa mume, mfanyabiashara wa picha aliyependa kamari. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 1778 aliitwa Versailles, kwenye jumba la wafalme wa Ufaransa, kumchora Malkia Marie Antoinette. Baada ya miaka miwili akamzaa binti yake, Julie. Wakati mwingine, akiwa na ujauzito mkubwa, siku moja aliugua akakosa kwenda kwa malkia. Kesho yake akaenda kuomba radhi, malkia akakubali kukaa achorwe palepale. Kwa haraka akakinyakua kisanduku chake cha rangi, kikapinduka, brashi zikamwagika sakafuni. Akainama. Malkia akamzuia, mja mzito asiiname, akaziokota mwenyewe. Nikiisoma habari hii katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, hunijia sura yako na lile tumbo lako la mwezi wa nane.

Siku ya kumzaa Julie hakutoka chumba cha kazi. Uchungu ukija anasimama, ukipoa anarudi kwenye picha. Rafiki yake alipomuuliza kama ameandaa vitu vya uzazi, alishangaa. Hata vinavyotakiwa hakuvijua. Sikuambii umuige katika hilo.

Ninachotaka ukione ni picha ya 1787, malkia na wanawe. Miaka minne kabla, alikuwa amemchora na gauni jeupe la melimeli, watu wakapiga kelele kwamba malkia yuko na nguo za ndani, ikabidi picha iondolewe kwenye maonyesho. Safari hii akamvika mahameli nyekundu. Lakini tazama kulia: kitanda cha kichanga, na mwana wa mfalme anaelekeza mkono pale. Ndani hamna mtu. Sophie, kitindamimba, alifariki mwaka huohuo. Mchoraji asiyelea angekiziba kitanda kile kwa pazia au maua, naamini hivyo. Yeye alikiacha kitupu. Kijana naye akafa 1789, na mama yake akawa hapiti mbele ya picha bila kulia, akaagiza iondolewe. Ndiyo maana, aliandika Élisabeth, haikuharibiwa wakati wa mapinduzi ya Ufaransa.

Oktoba 1789, mapinduzi yakiwa yameanza, alitoroka Paris usiku na Julie, amevaa kimaskini, ndani ya gari la abiria. Miaka 12 iliyofuata, Italia, Austria, Urusi, waliishi kwa brashi ile ile, na safari hii pesa alizishika mwenyewe.

Jumamosi nakuja asubuhi. Nikamulie maziwa ya kutosha, mtoto nitakaa naye mimi mpaka alasiri. Ile picha ya mama uliyoiacha kwenye macho, itoe uvunguni.

Dada yako