Kuba za Kilwa zitengenezwe kwa chokaa, si saruji

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyumba vya chini ya ngome za Ulaya nimeisoma mpaka mwisho. Hadithi ya Holger Danske nimeshawasimulia wajukuu: shujaa aliyelala chini ya ngome ya Kronborg, Denmark, atakayeamka siku nchi ikivamiwa. Lakini mimi ni fundi mwashi, na nilichotaka kusoma sikukiona. Paa la mawe la vyumba hivyo linasimamaje bila nondo?

Linasimama kwa kusukumana. Fundi husimamisha mirunda na mbao zilizokatwa kwa umbo la tao, akajenga kutoka pande zote mbili, jiwe la katikati likaingia mwisho. Mbao zikitolewa, kila jiwe linataka kuanguka na jirani yake anamzuia, uzito wote unaishia kwenye kuta. Ndiyo maana kuta zake ni nene hivyo. Chini ya ardhi kuna nafuu zaidi, maana udongo nao unakaza ubavuni.

Kazi hiyo tunayo kwetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa karne ya 14, ukaezekwa kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa. Huko huko Kilwa, katika msikiti mdogo wa kuba, mafundi walipachika bakuli zinazong'aa, zilizotoka ng'ambo, ndani ya paa lenyewe! Simulizi nazo hazikosekani: Mshirazi aliyenunua kisiwa kwa nguo ya kukizungushia chote, kisha akachimba mkondo ili muuzaji asirudi kwa miguu maji yakipwa.

Hofu yangu ni kuba hizo kukarabatiwa kwa saruji. Nyumba moja ya kale hapa mjini ilipigwa lipu ya saruji. Masika yalipopita lipu ikabanduka mapande kwa mapande, na matumbawe nyuma yake yalikuwa yamelowa, ukiyakwaruza kwa ukucha yanamomonyoka. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na chumvi inakula jiwe taratibu.

Mafundi wa chokaa ninaowafahamu wote ni wazee. Naviomba vyuo vya ufundi viwaite wangali na nguvu, wawaonyeshe vijana namna ya kuchoma chokaa, kuiroweka na kuiacha iive, kisha kila kijana ajenge tao moja la mlango kwa mikono yake kabla ya kupewa cheti.

Fundi mwashi,
Buguruni, Dar es Salaam