Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gesi za Usingizi Tunazozivuta Kazini

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoumaliza, suala lililochukua vikao vingi vya kamati yenu ni gesi za usingizi, ambazo mgonjwa anazihitaji nasi hatuzihitaji, lakini tunazivuta pamoja naye zamu baada ya zamu.

Hofu kwamba gesi hizi zinatudhuru si ngeni. Mwaka 1967 ripoti kutoka Umoja wa Kisovyeti ilieleza kwamba kati ya mimba 31 za madaktari wa usingizi, 18 ziliharibika. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha chanzo, ila iliwazindua wengi. Mwaka 1977 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza oksidi ya nitrasi, mojawapo ya gesi hizo, isizidi wastani wa sehemu 25 kwa milioni ya hewa, na gesi za jamii ya halotheni, yaani dawa za usingizi za majimaji zinazogeuzwa mvuke, zisizidi sehemu 2. Uingereza kikomo cha oksidi ya nitrasi ni sehemu 100 kwa milioni, kwa wastani wa saa 8. Wapo waajiri wanaoifanya tofauti hiyo kisingizio cha kungoja. Sikubaliani nao, kwa kuwa asiyepima hajui amevuka kikomo kipi.

Wanachama kadhaa walituambia kwamba kwao hakuna tatizo kwa sababu hawasikii harufu. Pua si kipimo: harufu ya halotheni ikishasikika, kiwango kimekwisha kupita kikomo kwa mbali, na ya oksidi ya nitrasi ni hafifu mno.

Kinachonisumbua zaidi ni chumba cha kuzindukia. Ndani ya chumba cha upasuaji mashine huwa na bomba la kuondoa gesi zilizotumika, lakini mgonjwa akishatolewa mrija wa kupumulia na kusukumwa kwenye chumba kile, pumzi yake ndiyo inayozitoa, na muuguzi huinama karibu na uso wake kumwita jina na kusikiliza anavyopumua. Hapo hakuna bomba, na mara nyingi dirisha halifunguki.

Upande wetu nao una mapungufu. Tunaacha gesi itiririke barakoa ikiwa juu ya meza, tunamwaga dawa tunapojaza kivukizi, chombo kinachoigeuza kuwa mvuke, na tunaamini kopo la makaa la kuchuja gesi linafyonza kila kitu, ilhali halizuii oksidi ya nitrasi. Gesi hiyo huidhoofisha vitamini B12 mwilini, nayo inahitajika katika kutengeneza damu na kulinda neva. Kwa watoto wanaolazwa usingizi kwa barakoa huku wakilia na kugeuza kichwa, mvujo hauepukiki wote, ndiyo maana hewa ya chumba lazima ibadilishwe ipasavyo.

Kwa hiyo kamati imeazimia kuwataka waajiri wapime hewa ya vyumba vya upasuaji na vya kuzindukia, wakague mashine kwa ratiba, na wamhamishie kwa muda kazi nyingine mjamzito anayeomba, bila kumpunguzia mshahara. Kila mwanachama anayegundua mvujo amwandikie katibu tarehe, chumba, mashine na hatua iliyochukuliwa, hata kama fundi amekwisha kuurekebisha, kwani bila kumbukumbu hizo tutaingia kwenye mazungumzo na waajiri mikono mitupu.